Picard inatawanya nyimbo za albamu moja: nifanyeje kabla ya kuhifadhi?

kinanda_kimoja
Wakuu, nina faili za MP3 na FLAC zipatazo 6,000. Baadhi zinaitwa "Track 01" tu, nyingine zina tagi (taarifa za wimbo zilizomo ndani ya faili) nusunusu. Nimezipakia zote kwenye MusicBrainz Picard, programu inayojaza tagi kutoka hifadhidata ya muziki ya MusicBrainz, nikabonyeza "Scan". Nyimbo zimetambuliwa, lakini albamu moja ya nyimbo 12 imegawanywa kwenye albamu tano, nyingi zikiwa za mikusanyiko. Sijahifadhi bado. Nataka mpangilio wa msanii, albamu, kisha namba na jina la wimbo.

ufunguo_G
Mkuu, usihifadhi kwanza. Picard ikishaandika kwenye faili haina amri ya kutengua, kwa hiyo toa nakala ya folda nzima kwenye diski nyingine.

"Scan" inasikiliza sauti yenyewe: inachukua kama dakika 2 za mwanzo, inatengeneza alama ya sauti na kuitafuta AcoustID, hifadhidata ya alama hizo. Alama hiyo inaitambua rekodi, haijui faili yako ilitoka albamu ipi. Rekodi ileile ikiwa imo pia kwenye mikusanyiko, programu inabaki kukisia.

Ondoa zote kwenye dirisha la Picard (usizifute kwenye diski) uanze upya, albamu 10 hadi 20 kwa awamu. Bonyeza "Cluster" ili faili zijikusanye kwa tagi zilizopo, kisha chagua fungu ubonyeze "Lookup", itafute albamu kwa tagi hizo. "Scan" iachie zisizo na tagi kabisa. Albamu ikiendelea kusumbua, itafute kwa jina kwenye kisanduku cha utafutaji, ipakie upande wa kulia, halafu buruta faili zote 12 uziangushe juu yake. Kabla ya kuhifadhi, bofya kila wimbo utazame urefu kwenye jedwali la chini. Faili ikiwa 4:10 na albamu inasema 6:32, hilo ni toleo jingine la wimbo, hata kama jina limelingana.

Kwa majina, washa kubadili jina na kuhamisha faili kwenye menyu ya "Options", kisha tumia kanuni hii ya majina:

`%albumartist%/%album%/$if($gt(%totaldiscs%,1),%discnumber%-,)$num(%tracknumber%,2) %title%`

Tumia `albumartist` (msanii wa albamu nzima), siyo `artist` (msanii wa wimbo), la sivyo kila wimbo wenye msanii mwalikwa utaundiwa folda yake. Hiyo `$if` ni ya albamu zenye diski mbili. Bila hiyo, namba 01 zitakuwa mbili kwenye folda moja.

sikio_kali
Naongezea: kama faili zitachezwa kwenye redio ya gari au kifaa cha zamani, weka tagi za MP3 ziwe za toleo la zamani, ID3v2.3. Picard kwa kawaida huandika 2.4, na vifaa vingi vya zamani havioneshi kitu au vinaonesha herufi za ajabu. FLAC haihusiki, yenyewe inatumia tagi za aina nyingine, Vorbis comments. Washa pia ulinganifu wa majina na Windows, kwa sababu flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 haikubali `? : * " < > |` kwenye majina.

kinanda_kimoja
Asanteni sana. Na albamu ambazo hazimo kabisa MusicBrainz?

ufunguo_G
Hizo tumia Mp3tag, programu ya kuhariri tagi mwenyewe. Jina la faili likiwa "03 - Jina la wimbo", zichague, bonyeza Alt+2, andika `%track% - %title%`; itakuonesha mfano wa matokeo kabla hujakubali. Msanii, albamu na mwaka vijaze upande wa kushoto kwa faili zote kwa pamoja, kisha Ctrl+S. Ukikosea, Ctrl+Z inarudisha, mradi hujafunga programu.