Mjadala: Suti kwa mhadhiri, ni lazima au ni mazoea tu?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wadau, hoja ni hii. Msailiwa wa nafasi ya mhadhiri msaidizi katika chuo cha umma Tanzania anaingia chumba cha usaili na shati la kitenge lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa na viatu vyeusi. Mwenzake kaja na suti na tai. Je, jopo lina haki ya kumwongezea huyu wa pili hata nusu alama? Na akishaajiriwa, tumtarajie afundishe saa 8 mchana, Dar es Salaam, mwezi Februari, koti likiwa mgongoni?

Wahadhiri wa vyuo vya umma ni watumishi wa umma, kwa hiyo waraka wa utumishi wa umma kuhusu mavazi unawahusu. Waraka ule unakataza nguo za kubana, fupi na zinazoonyesha maungo. Sawa. Lakini kukatazwa nguo ya kubana hakujawa kuamriwa suti. Naona tumechukua mazoea tukayavika joho la sheria. Karibuni, pingeni kwa hoja.

Jopo la Tatu

Mkuu Chaki, napinga nusu ya kwanza. Jopo ni watu wa aina tofauti: profesa anayekaribia kustaafu, afisa utumishi, mtaalamu kutoka chuo kingine. Kitenge kwa mmoja ni utu wetu, kwa mwingine ni nguo ya harusi. Suti ya rangi moja, bluu iliyokolea au kijivu, haimpi yeyote pale cha kuzungumza. Hiyo ndiyo kazi yake. Msailiwa ana dakika chache za kujieleza na kufundisha somo la mfano. Asizitumie kulitetea shati.

Jambo jingine ni ubao. Mtu akiinua mkono kuandika, shati linachomoka kiunoni na jasho la kwapa linaonekana. Koti linaficha yote mawili.

Ila alama nakubaliana nawe. Kama mwonekano umo kwenye karatasi ya alama, tangazo la nafasi liseme hivyo. Kama haumo, jopo lisiutafutie pa kuingia.

Sindano

Ninyi wawili mnazungumza kana kwamba suti zote ni suti. Suti mbaya inamwangusha mtu kuliko shati zuri, na mbaya nyingi zinatokana na mambo yaleyale.

Bega ndilo la kwanza. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Simama kando ya ukuta, uegemee kwa ubavu: koti likigusa ukuta na kubonyea kabla bega lako halijafika, ni kubwa. Hapo usinunue ukitegemea fundi, maana kupunguza bega ni kung'oa mkono, pedi na bitana (kitambaa cha ndani ya koti), kisha kuvirudisha vyote. Kwa suti ya mtumba, kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Kiuno, urefu wa mikono na pindo la suruali, hizo ni kazi za siku moja. Mkono wenye vishikizo na matundu halisi ndio unaosumbua, kwa sababu matundu hayahami.

Mkono wa koti ufike kwenye kifundo, shati lichungulie kama sentimita 1 hadi 1.5. Funga kishikizo cha juu, cha chini kiache. Ukifunga na mikunjo ikatoka pande nne kama herufi X, koti linakubana. Ukikaa, fungua. Ncha ya tai iguse chuma cha kufungia mkanda, isipite wala isiishie tumboni.

Na jamani, ile lebo ya mkononi ni ya dukani, ing'oeni! Hali kadhalika nyuzi nyeupe zilizofunga mpasuo wa nyuma kwa umbo la X. Zimewekwa ili koti lisijikunje safarini. Watu wanafika usailini nazo wakidhani ni pambo.

Anayeshona mpya: mwanamume wa umbo la kati, kitambaa chenye upana wa mita 1.5, nunua mita 3 hadi 3.5. Mwambie fundi aache sentimita 3 au 4 ndani ya pindo la suruali. Poliesta tupu hukaa na mkunjo wake vizuri lakini haipitishi hewa, na pasi ya moto inaifanya ing'ae kwenye makalio na viwiko. Kinachong'aa pale ni nyuzi zilizolainika zikalala, hazirudi tena. Piga pasi upande wa ndani, au tanguliza kitambaa cha pamba chenye unyevu. Kola na kifua cha koti navyo vina kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi. Pasi kali au kufua kwa maji ya moto kunaibandua, kifua kinatoka malengelenge. Hakuna fundi wa kuyaondoa.

Kitenge Rasmi

Fundi Sindano kasema kweli tupu, lakini hoja ya Jopo inazunguka. Kitenge "kinazungumzwa" kwa sababu hatujakizoea chumba kile, na hatutakizoea kama kila msailiwa atakiacha nyumbani.

Suti haijawahi kuwa vazi lisilo na upande katika nchi zetu. Mwalimu Nyerere alikaa madarakani na koti la kola iliyosimama, lile lililoitwa chuenlai, bila tai, na hakuna aliyesema hakuvaa rasmi. Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo) chini ya Rais Mobutu ilikwenda mbali zaidi ikapiga marufuku suti na tai, watu wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kifaransa ya kuiangusha suti. Tai ikaruhusiwa tena mwaka 1990. Kenya nayo, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa akazuia bungeni suti ya Kaunda, ile isiyo na tai iliyopewa jina la Rais Kaunda wa Zambia. Sare ya wakombozi imekuwa kosa mlangoni! Sasa hapo nani kaamua kipi ni rasmi?

Kwa anayetaka kukivaa kitenge usailini, kivae kwa adabu yake. Kiloweke na ukianike kabla ya kukata, maana pamba husinyaa, na fundi akikata kibichi, ufuaji wa kwanza utakuonyesha vifundo vya mikono. Chagua maua madogo na rangi mbili au tatu zilizopoa. Maua yakutane katikati ya kifua na kwenye mfuko. Yasipokutana, kazi nzima inaonekana ya haraka. Kama ni koti, lazima bitana, la sivyo viwiko vitavimba kabla ya mchana.

Mama Maabara

Nyote mmeisahau maabara. Nafasi za kemia, baiolojia na uhandisi mara nyingi zina usaili wa vitendo, na huko tai ni hatari: inaning'inia juu ya moto na juu ya bika, yaani chombo cha kioo cha kemikali. Tai iingizwe ndani ya shati kati ya kishikizo cha pili na cha tatu, au ivuliwe. Ushungi nao uchomekwe ndani ya koti la maabara, ncha zisielee. Na uwe wa pamba. Vitambaa laini vya poliesta vikishika moto huyeyuka na kugandia ngozini. Viatu vifunike vidole na kisigino.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, vazi la kazi linatokana na kazi. Mwalimu wa sheria anayewazoeza wanafunzi mahakama ya mfano ana sababu ya kuvaa suti nyeusi. Mwalimu wa sayansi ya udongo anayetoka darasani kwenda shambani hana.

Msomi wa Getini

Na mimi nauliza: huo waraka unamkamata nani? Mwanamume akivaa shati lililochakaa kola, askari wa getini hamwoni. Mwanamke akivaa sketi inayofika gotini, anarudishwa. Kila mtu ana rula yake machoni. Kama tunataka mjadala wa haki, tuseme pia kwamba "nadhifu" ya wanaume imeachwa bila kipimo.

Hata hivyo, kwa dada anayekwenda usailini kesho, haya yanasaidia. Pima sketi au gauni ukiwa umekaa kwenye kiti kisicho na meza mbele, kwa sababu ndivyo wasailiwa wengi wanavyokalishwa. Inua mikono miwili juu ya kichwa mbele ya kioo. Kama kiuno kinaonekana, ubao utakuumbua. Kitambaa kikaguliwe juani, siyo kwenye taa ya chumbani, maana kinachoangaza hujificha usiku. Kisigino cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha kusimama saa nzima kwenye vigae. Na kama ukumbi una kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, kibane chini ya mahali ushungi unapoishia, kwani kikisuguliwa na kitambaa watu husikia mikwaruzo tupu.

Jopo la Tatu

Dada, la getini sina jibu, umenishinda. Na Mama Maabara kanisogeza: tangazo la nafasi liandike vazi linalofaa usaili wa vitendo na linalofaa mahojiano, mstari mmoja tu, ubishi upungue.

Bado nasimama kwenye mahojiano ya ana kwa ana: suti, kama inakukaa. Fundi kaniongezea hilo "kama".

Kwa usaili wa mtandaoni, kanuni inabadilika. Shati jeupe tupu mbele ya kamera ndogo huifanya kamera ipunguze mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unazama gizani. Vaa koti la rangi ya kati au shati la samawati, taa iwe mbele yako, dirisha lisiwe nyuma. Mistari myembamba iliyobanana inachezacheza kwenye skrini, iache.

Chaki Nyeupe

Nimerudi. Sijasikia bado sababu ya tai, nimesikia sababu za koti. Basi nibaki na robo ya hoja yangu: koti kwa siku ya usaili, shati safi kwa kufundisha, na Februari tuhurumiane. Fundi, je, jasho linalobaki njano kwapani? Wengi wanatia jiki.

Sindano

Jiki inazidisha ile njano. Doa lile ni jasho lililochanganyika na aluminiamu ya dawa ya kuzuia jasho. Koroga baking soda na maji iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, sugua kwa mswaki, fua kwa maji baridi. Usipige pasi kabla doa halijatoka, joto hulifunga.

Na kabla hamjafunga mada, viatu. Vile vilivyolala kwenye boksi miaka mitatu "kwa ajili ya siku maalumu" ndivyo vinavyoaibisha. Soli za poliyurethani (aina ya plastiki) huharibiwa na unyevu wa hewa polepole, hasa Tanga, Dar na Zanzibar, hata kama hazijavaliwa. Kwa nje kiatu kinang'aa, lakini ukitembea mita mia mbili soli inamomonyoka kama keki. Zikunje kwa mikono wiki moja kabla. Zikitoa nyufa au ungaunga, peleka kwa fundi viatu aweke soli ya mpira na kuishona pembeni, asibandike kwa gundi peke yake.