Fedha ya utafiti chuoni: tuhesabu makala zilizochapishwa, au kila idara ipimwe kwa kazi yake?

Mwenye mada (Kampemba)
Jambo kwenu wote. Kila mwaka wa masomo ukifunguliwa neno hili linarudi, hapa Kongo, Lubumbashi kama Bukavu na Goma: chuo kikuu kikiwa na kifuko kidogo cha utafiti, kikigawe kwa njia gani? Kuna wanaosema tuhesabu makala zilizotoka katika majarida yanayotambulika kimataifa, kila idara ichukue kwa kadiri ya makala zake. Kuna wanaosema kwa kanuni hiyo nusu ya idara zitakufa njaa.

Mimi niko upande wa hesabu, na sifichi. Makala imesomwa na watu wasiokujua na wenye uwezo wa kuikataa. Mwenye namba yake ya DOI (kitambulisho cha makala mtandaoni) anaithibitisha kwa dakika tano. Kupanda toka asistanti hadi CT (chef de travaux, cheo kilicho chini ya profesa), toka CT hadi profesa, kunadai machapisho tangu zamani. Kwa nini fedha iwe na sheria nyingine? Hesabu ikikosekana, fedha inafuata cheo na urafiki. Mwenye mizani bora ailete hapa, lakini ailete pamoja na namna ya kuitumia.

Metali na Asidi
Yaya, watu wangetegemea sisi wa politekniki tukupigie makofi, maana mji huu unaishi kwa shaba na kobalti. Hapana. Kazi yetu nyingi haitoki nje kabisa.

Chukua memuari (andiko la kumaliza masomo) ya kawaida ya metalojia. Kampuni inatoa mifuko ya madini ya oksidi. Mwanafunzi anayaponda, anayasaga hadi asilimia 80 yapite chekeche ya mikroni 75, kisha anajaribu kuyaelesha kwa povu. Malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, haipandi vizuri kwa zanthati (kemikali ya kuelesha madini) peke yake. Lazima uso wake uvikwe salfidi kwanza, kwa hiyo NaHS (hidrosalfidi ya sodiamu) inatiwa kidogo kidogo. Ikipungua, shaba inakwenda na mabaki. Ikizidi, inaizuia malakiti yenyewe isielee. Kobalti ni kazi nyingine: ndani ya heterojeniti, jiwe linaloibeba, iko katika hali ya tatu ya oksidi, na asidi ya salfuriki peke yake inaila polepole mno, mpaka utie metabisalfiti ya sodiamu iirudishe hali ya pili. Mwishoni kuna jedwali la dozi zinazofaa kwa madini yale. Huo ni utafiti kamili, umetetewa mbele ya jopo, na kiwanda kinaweza kubadilisha dozi zake kwa sababu yake. Lakini mkataba unasema takwimu zisitoke. Makala: sifuri.

Halafu kuna umeme. Jaribio la kuyeyusha kwa asidi linachukua saa kadhaa, na sampuli inachotwa kwa vipindi vilivyopangwa. Delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ikipita katikati, kichanganyio kinasimama, unga unatua chini, mchoro wa kasi hauna maana tena. Unatupa, unaanza upya. Idara isiyo na jenereta itaandika makala chache, kisha kwa kanuni yako itanyimwa fedha ya jenereta kwa kuwa ina makala chache.

Kaseti za Kamalondo
Niongeze upande wa historia na lugha. Mwaka 1971, vyuo vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi vilipounganishwa kuwa UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), lugha na sayansi za jamii ziliwekwa Lubumbashi. CELTA, kituo cha isimu, kilianza hapa mwaka huohuo. Muungano ulivunjwa 1981, lakini mbegu ilikuwa imeshaota. Ndiyo maana mji wa migodi una pia kazi nyingi juu ya lugha, wafanyakazi na maisha ya mitaa. Utofauti huu ulipangwa kwa amri ya serikali. (Amri ileile ilivuruga mengine mengi, lakini tuyaache.)

Sasa kazi yenyewe. Saa moja ya mahojiano na mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, haiandikwi kwa chini ya saa sita, na hapo mwandishi ni mzoefu. Mzee anaanza sentensi kwa Kiswahili, anapita kwenye Kibemba, anamaliza kwa Kifaransa. Ukimnyoosha kuwa Kiswahili sanifu umeshaharibu ushahidi. Kaseti za zamani zinataka mashine ya kuzicheza iliyo nzima, kichwa chake kimesafishwa kwa alkoholi, na kunakiliwa kwa kilohezi 96 na biti 24, yaani karibu gigabaiti 2 kwa saa moja ya stereo. Utepe uliopata unyevu unagandamana, ukilazimisha, unakatika. Mtu anaweza kufanya kazi hii miaka miwili kwa uaminifu wote bila makala hata moja.

Na angalia andiko la André Yav la mwaka 1965: historia ya Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) kwa Kiswahili cha hapa, iliyoandikwa kwa niaba ya waliokuwa maboi, watumishi wa nyumbani, wa Wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha na kulifafanua mwaka 1990, miaka 25 baadaye. Leo mtu wa historia ya mji huu hawezi kulipita. Kwa mizani yako, mwaka 1966 lilikuwa na uzito gani?

Mwenye mada (Kampemba)
Papa Kaseti, nimekuelewa, lakini hapo ndipo penye mtego. Kila mmoja akija na sababu kwa nini kazi yake haihesabiki, basi hakuna atakayehesabiwa. Asiyefanya lolote miaka miwili naye atasema alikuwa ananakili kaseti. Tutawatofautishaje?

Kaseti za Kamalondo
Kwa kufungua faili, mwanangu. Aliyenakili ana faili la sauti, ana daftari la nani alihojiwa, lini, na aliweka sahihi ya ridhaa au la. Asiyefanya kazi hana.

Mama Miombo
Mimi nitasema juu ya muda tu. Mvua za Lubumbashi zinaanza karibu Novemba na kukatika Aprili, basi jaribio la shambani lina nafasi moja kwa mwaka. Mahindi kwa sentimita 75 kwa 25, vitalu vinne vya marudio, chokaa kwa sababu udongo wetu mwekundu una asidi. Wezi wakivuna mahindi mabichi kwenye kitalu kimoja, kitalu hicho kimetoka kwenye hesabu. Wakivuna viwili, mwaka umekwisha. Wa tarakilishi anarudia jaribio lake jioni ileile.

Kisha kuna kazi zisizokubali haraka hata ukiwa na fedha yote. Mtaa wa Penga Penga umepokea vumbi la bomba la moshi la Gécamines kwa miaka mingi, udongo ukajaa shaba hadi majani mengi hayaoti. Watafiti wa kilimo walijaribu kuufunika kwa nyasi inayovumilia shaba, Microchloa kunthii, wakitia chokaa na mboji. Chokaa inapunguza shaba inayoyeyuka, nyasi inashika vumbi lisipeperuke. Lakini nyasi kuota msimu wa kwanza si jibu. Lazima uone kama inarudi baada ya kiangazi, kama inatoa mbegu, kama asidi ya udongo haipandi tena chokaa ikiisha. Ukimlazimisha mtafiti atoe makala kila mwaka, atatoa ya msimu wa kwanza, yenye picha nzuri ya kijani, na jibu lenyewe halitajulikana.

Mmesahau pia sampuli za mimea. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea isiyopatikana kwingine, na vilima hivyohivyo ndivyo vinavyochimbwa. Mmea uliokaushwa ukabandikwa kwenye karatasi, wenye mahali, tarehe na aina ya udongo, ni zao la utafiti. Hakuna jarida linalolipokea.

Tabibu wa Takwimu
Mimi niko karibu na mwenye mada kuliko ninyi. Afya ya umma bila makala haisikiki. Utafiti wa Lubumbashi uliotoka mwaka 2020 katika Lancet Planetary Health ulionyesha uhusiano kati ya baba kufanya kazi za migodini na mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Ungebaki kwenye memuari ya kabati, nani angeuliza swali lolote nje ya mji huu?

Lakini hesabu iwe ya haki. Makala zetu zina waandishi kumi na zaidi, wengine wako Ubelgiji. Kitabu cha historia kina mwandishi mmoja. Kuhesabu "moja na moja" ni dhuluma. Igawe: makala ya waandishi 12, wawili wakiwa wa idara yetu, inatupa 2/12.

Na msiseme makala ni kwa matajiri. Ni kweli majarida ya wazi yanadai mara nyingi zaidi ya dola 1,500. Ila wachapishaji wengi wakubwa wanasamehe ada kwa nchi maskini, Kongo ikiwemo, kwa masharti mawili yanayosahauliwa: mwandishi wa mawasiliano awe na anwani ya chuo cha hapa, na msamaha uombwe wakati wa kutuma, si baada ya makala kukubaliwa. Jarida linaloahidi jibu kwa siku tatu na kutaka fedha kwanza, likimbieni.

Pendekezo langu: nusu ya kifuko tununue mashine moja ya kupimia metali, itumike na vitivo vyote.

Metali na Asidi
Daktari, hapo simama kidogo. Mashine gani? Madini yetu yana kobalti asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo. Mkojo wa mtu una mikrogramu chache au makumi kwa lita. Tofauti ni karibu mara milioni. Mashine ya kunyonya mwanga kwa moto, inayotosha kwa madini, haioni kobalti ya mkojo. Mnahitaji tanuru ya grafiti au ICP-MS, mashine zinazoona viwango vidogo mno. Na vumbi la chumba ninachosagia mawe likigusa kikombe chako, mgonjwa wako ataonekana amekunywa kiwanda kizima. Kwa kilimo, sawa, udongo unaweza kuja kwetu. Mkojo usipite hata mlangoni.

Bajeti pia isiishie kwenye mashine. Gesi ya asetilini, taa moja kwa kila metali, vimiminika sanifu, kinyunyizio kinachoziba, kidhibiti umeme. Maabara ngapi za nchi hii zina mashine nzuri iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa taa ya shaba?

Tabibu wa Takwimu
Nakubali. Hata kikombe tu ni shughuli: cha plastiki kilichooshwa kwa asidi, mtu anawe mikono kwanza, kisha kreatinini ipimwe kujua kama mkojo umekuwa maji mno. Chini ya gramu 0.3 kwa lita, sampuli inaachwa. Basi vyumba viwili vya kutayarishia, mashine tofauti. Hesabu ya makala kwa mafungu sijaiacha.

Mwana Kivu (Bukavu)
Kwetu makala si tatizo kubwa kama mfululizo. Sambaza, samaki wadogo, waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kinachotufahamisha hali yao ni kupima samaki wa wavuvi mwezi kwa mwezi: urefu, uzito, idadi ya mitumbwi usiku ule. Mwezi usiopimwa haurudi. Goma ni vilevile na zaidi: mitetemo ya Nyiragongo, mlima wa volkano, na gesi iliyo kwenye kina cha ziwa. Mlima ulilipuka 1977, 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Asiye na vipimo vya miaka iliyotulia hana cha kulinganisha siku unapoanza kutikisika. Fundi anayebadilisha betri ya kituo cha mitetemo haandiki makala. Bila yeye hakuna atakayeandika.

Wakili wa Golf
Sheria kwa kifupi: tafsiri ya Sheria ya Madini (Code minier) ya 2018, ile inayoitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, inasomwa na mahakimu na machifu wa hapa, kwa Kifaransa. Jarida la nje halina haja nayo. Mkitupima kwa majarida ya nje mtatugeuza tuandike juu ya sheria za watu wengine.

Karani wa Memuari
Nimesubiri wakubwa wamalize. Mnabishana juu ya kuhesabu vitu ambavyo hata orodha yake haipo. Memuari zinaingia maktaba zikiwa karatasi, au PDF iliyotengenezwa kwa picha za simu, haitafutiki neno. Nyingi majina yake yanaanza na "Mchango katika uchunguzi wa…", kwa hiyo hata orodha ya alfabeti haisaidii. Matokeo: mada ileile inarudiwa kila baada ya miaka michache, na data za awali zilikufa na kompyuta ya mwanafunzi.

Badala ya makala, fedha ifuate hifadhi. Kabla ya idara kulipwa, kila kazi ya mwaka uliopita iwe imewekwa hivi: maandishi yanayotafutika, za zamani ziskaniwe kwa dpi 300 na kusomwa na programu ya herufi. Data kwenye jedwali la CSV (faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote), si ndani ya picha, na kila safu iwe na kipimo chake (ppm, yaani sehemu kwa milioni, au asilimia, nimeona jedwali lisilosema). Sauti ziwe na fomu ya ridhaa. Mimea iwe na namba ya karatasi. Muhtasari uwe wa Kifaransa na wa Kiswahili. DSpace, programu ya hifadhi ya aina hii, ni bure. Kinachogharimu ni seva, diski mbili za nakala katika majengo mawili tofauti, na mtu mmoja anayelipwa kila mwezi. Huyo wa mwisho ndiye husahauliwa, na hifadhi inakufa mradi ukiisha.

Mwenye mada (Kampemba)
Karani, hii naipokea kama mlango wa kuingilia: asiyehifadhi asiombe. Ukishaingia ndani, bado nataka sehemu ya fedha igawiwe kwa makala, kwa mafungu kama alivyosema Daktari. Vinginevyo tutakuwa na ghala limejaa na hakuna anayejua kilicho kizuri. Na siri za kampuni utazifanyaje? Metali ataweka nini?

Karani wa Memuari
Kazi inafungwa kwa muda. Jina, mwaka, idara na muhtasari vinaonekana. Maandishi na data vinafunguka muda ukiisha. Tarehe inaandikwa siku ya kupokea, programu inafungua yenyewe, hakuna wa kumwomba.

Wakili wa Golf
Na sharti hilo liandikwe kabla mfuko wa kwanza wa madini haujapokelewa. Baadaye mwanafunzi hana nguvu ya kujadiliana. Kampuni ikikataa hata muhtasari, ilipe yenyewe gharama zote za maabara, kifuko kisiguswe.

Metali na Asidi
Hapo mnanipata, ila muda huo wa kufungwa usiwe miezi 12 tu. Kampuni ikijaribu dozi mpya kiwandani, jaribio lenyewe linakula mwaka. Wekeni miezi 24, watatia sahihi. Na Karani, kwenye jedwali lako ongeza safu ya madini yalitoka shimo gani na kina gani. Bila hiyo, dozi yangu haimfai mtu mwingine yeyote.