Ukoo wa Marehemu Bi Mwanahamisi 🌴 (Jumatatu usiku)

[19:42] Da Mwanaidi Temeke: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimetoka kuongea na wifi Mama Zuhura. Mtoto katoka vipele tangu jana, vimeanza kifuani vimepanda usoni. Midomo imevimba, macho mekundu, homa kali. Aliyeko Muheza aseme yuko wapi sasa hivi.

[19:43] Da Mwanaidi Temeke: 📷 Picha

[19:51] Ma'mdogo Asha: Waalaykum salaam. Pole mwanangu Zuhura. Si harara hiyo? Joto la wiki hii halina adabu. Apakwe liwa na maji ya waridi, asubuhi itakuwa imetulia.

[19:53] Shabani Noah: Liwa tena! Zuhura anataka kuwa mwali kabla ya Salma 😂😂

[19:53] Salma: 😂 Shabani nawe

[19:54] Kibibi: Kwani kikao cha Jumapili kwa nani? Mie sijaambiwa

[19:55] Da Mwanaidi Temeke: Kibibi, kikao baadaye. Shabani, gari lipo?

[19:58] Da Mwanaidi Temeke: Shabani?

[20:04] Mama Zuhura: Mwanaidi, picha ya mwanangu umeiweka humu?

[20:05] Da Mwanaidi Temeke: Nimeiweka waone wifi yangu. Kwa maneno hawasikii.

[20:05] Mama Zuhura: Nilikutumia wewe.

[20:06] Da Mwanaidi Temeke: Nisamehe. Ila waambie na dawa anayomeza.

[20:09] Mama Zuhura: Ni dawa za kichwa tu, kaandikiwa kliniki.

[20:10] Da Mwanaidi Temeke: Tusifichane, tutapoteza mtu. Ni vidonge vya kifafa, kabamazepini, leo siku ya 18. @Idi Famasi wewe ndiye unayejua haya. Idi jibu. Idi nimekupigia mara 4.

[20:11] Mama Zuhura: Ahsante wifi. Umeshawatangazia.

[20:12] Ujumbe huu umefutwa

[20:14] Ma'mdogo Asha: Hakuna aibu mama. Lakini siku 18? Dawa ikimkataa mtu inamkataa siku hiyohiyo. Mie peniselini ilinikataa palepale kitini.

[20:17] Mama Zuhura: Na mimi ndivyo nilivyofikiri. Nesi niliyempigia kasema ni aleji ndogo, nimpe piritoni nimalizie dozi. Saa 3 ndiyo muda wa kidonge.

[20:18] Da Mwanaidi Temeke: Usimpe!!!

[20:18] Mama Zuhura: Nikiacha akaanguka usiku, utakuja wewe kutoka Temeke?

[20:21] Shabani Noah: Gari lipo ila nimempakia mtu wa machungwa, nikimaliza naangalia. Kesho alfajiri lazima.

[20:22] Da Mwanaidi Temeke: Kesho alfajiri. Na pikapu nayo mliniambia kesho alfajiri.

[20:23] Shabani Noah: Shangazi usianze na pikapu. Mie nilikuwa darasa la pili.

[20:23] Da Mwanaidi Temeke: Sijasema wewe. Nimesema pikapu.

[20:25] Ma'mdogo Asha: Jamani marehemu baba yake Shabani tumwache apumzike. Mafuta hayakuwepo.

[20:26] Mama Zuhura: Mafuta hayakuwepo, lakini ya kumpeleka mtu kwa mganga Mkuzi yalipatikana. Nilikuwa bibi arusi mgeni, nikanyamaza. Mkasema ni majini.

[20:27] Salma: 🙏🏽

[20:33] Idi Famasi: Nimetoka zamu sasa, nasoma kuanzia juu. Shikamooni wakubwa.

[20:36] Idi Famasi: Shemeji, nijibu haraka. Ngozi inamwasha au inamuuma? Ndani ya mdomo kuna vidonda? Kuna lengelenge popote? Na umuulize faraghani kama sehemu za siri zinachoma akikojoa.

[20:41] Mama Zuhura: Anasema inauma, hata shuka hataki liguse. Mdomoni vidonda vipo, tangu asubuhi hajameza hata uji. Lengelenge 2 begani. Hilo la mwisho kasema ndiyo.

[20:42] Idi Famasi: Basi si harara wala si aleji ndogo. Kidonge cha saa 3 ASIMEZE. Na si jambo la kuachia hapo, maana dawa ya kifafa ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo aonwe na daktari usiku huu, apate mbadala akiwa kitandani hospitali.

[20:44] Idi Famasi: Ma'mdogo, ile ya peniselini ni aina nyingine, ya palepale. Hii hukaa kimya wiki 1, 2, 3, hata mwezi na zaidi, ndipo inajitokeza. Ndiyo maana watu wanaisingizia surua au joto. Inaitwa Stevens-Johnson. Ngozi hubambuka kama ya mtu aliyeungua moto, na ndivyo anavyotunzwa, kama aliyeungua. Macho yasipoangaliwa mapema yanaweza kupata makovu, uoni ukaharibika.

[20:45] Idi Famasi: Lengelenge msitumbue. Liwa hapana, dawa ya kienyeji hapana. Kitambaa safi cha pamba, maji kwa vijiko akiweza.

[20:47] Shabani Noah: Daktari Idi hajambo 😄 juzi ulishindwa kunitibu kikohozi

[20:47] Kibibi: 😂😂😂

[20:49] Da Mwanaidi Temeke: Shabani, mtu wa machungwa ameshashuka?

[20:58] Da Mwanaidi Temeke: Watu 14 mmesoma. Naona tiki.

[21:03] Baba Mkubwa Omari: 🎤 Sauti (0:58)

[21:06] Da Mwanaidi Temeke: Kwa wasio na bando, Baba Mkubwa anasema hivi: “Mimi Omari ndiye niliyesema mwaka 2003 tungoje kuche. Mama yenu alisema twende, mimi nikasema kuche. Halima alikuwa na midomo hiyohiyo, siku ya 11 baada ya vile vidonge vya malaria. Hapakuwa na jini. Palikuwa na mimi. Sitaki kulisikia neno kuche humu ndani. Shabani, washa gari.” Hapo kakata.

[21:06] Shabani Noah: Ndiyo Baba Mkubwa. Natoka.

[21:15] Ma'mdogo Asha: 😢 Halima wetu. Miaka yote nilidhani ni jicho la watu.

[21:17] Idi Famasi: Zama zile esipii ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza kupewa mgonjwa wa malaria nchini, kabla ya mseto. Ina salfa ndani. Wengi walimeza wakapona, wachache iliwafanya vile. Hamkujua Baba Mkubwa, hata zahanati nyingi hazikujua.

[21:19] Baba Mkubwa Omari: NIMEKUSIKIA IDI

[21:24] Idi Famasi: Shemeji kabla hamjatoka: chukua pakiti za dawa ZOTE, na piritoni, na kama kuna dawa ya maumivu alimeza. Na hili la muhimu kuliko yote: wakitaka kumbadilishia, uwaambie kabamazepini ndiyo iliyomfanya hivi. Asipewe fenitoini wala fenobabitali. Hizi ni ndugu wa karibu na ile, zinaweza kumrudishia yaleyale. Na ndizo zinazokuwa karibu rafuni.

[21:26] Mama Zuhura: Niandikie kwa herufi kubwa nimwonyeshe daktari. Nitasahau.

[21:27] Idi Famasi: KABAMAZEPINI IMEMDHURU. ASIPEWE FENITOINI WALA FENOBABITALI.

[21:28] Idi Famasi: Na wajaze ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa, ya kuripoti madhara ya dawa. Wakisema haipo, niambie.

[21:44] Shabani Noah: Tumetoka Muheza. Zuhura kalala kiti cha nyuma kwa mama yake. Mafuta nimejaza. Shangazi umesoma? Nimejaza.

[21:45] Da Mwanaidi Temeke: Nimesoma mwanangu. Mungu akulinde njiani.

[21:52] Da Mwanaidi Temeke: Sasa michango. Kitanda, dripu, na dawa mbadala inaweza isiwepo hapo, itanunuliwa nje. Naanza na 50,000. Tumeni kwangu.

[21:58] Idi Famasi: 40,000

[22:10] Ma'mdogo Asha: Mie mwisho wa mwezi inshallah. Nitapika uji nipeleke.

[22:31] Kibibi: Za arusi ya Salma tulizokwishatoa si zipo kwa mweka hazina? Zitumike hizo.

[22:33] Salma: Kibibi ulipaji wa ukumbi ni Alhamisi

[22:34] Kibibi: Nimeuliza tu

[22:50] Shabani Noah: Tumefika Tanga. Wamemwingiza. Daktari alipoona mdomo hakutuuliza hata kadi.

[23:20] Mama Zuhura: Wamemlaza. Daktari wa macho ataitwa. Walitaka kuandika fenobabitali, nikawaonyesha simu. Dada mmoja kasoma mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake. Nasubiri.

[23:21] Idi Famasi: Usitoke hapo mlangoni shemeji.

[23:24] Da Mwanaidi Temeke: Alhamdulillah. Wifi, ile picha nimeifuta.

[23:40] Da Mwanaidi Temeke: Zamu ya kulala naye. Leo Mama Zuhura. Kesho nani? Salma uko Chumbageni, ni karibu. Kibibi?

[01:47] Baba Zuhura Muscat: Nimeingia kutoka kazini, naona jumbe nyingi. Mama Zuhura hapokei simu. Nini kimetokea? Kifafa gani?

[01:49] Da Mwanaidi Temeke: Kaka nakupigia.

[06:12] Kibibi: Leo nina zamu kazini. Labda Jumatano.