Jamaa ameniandikia OMENA (dagaa!) chini ya bahari, mbele ya watu

Mkavu_Kisumu:
Wadau, nimeshuka basi saa hii, chumvi bado iko masikioni, na siwezi lala kabla sijasema. Mnamjua. Sitaji jina. Ni yule yule anaanzanga kila sentensi na "nikiwa Bahari ya Shamu", ameshatuambia mara elfu moja vile aliingia ndani ya Thistlegorm, meli iliyozama huko, akapita katikati ya pikipiki zimelala humo tangu 1941, utadhani ni yeye alizipaki.

Huyo ndiye alituita chai akatuuzia safari ya kupiga mbizi Zanzibar. Ati tutashuka kwa Pegasus, manowari ya Mwingereza, 20 Septemba 1914 ilikuwa bandarini inatengenezwa injini, Mjerumani na Königsberg yake akatokea alfajiri akaitwanga hapo hapo, ni kama kupiga matatu iko juu ya jeki. Mimi machozi yakanilenga. Nikauza ng'ombe. (Sawa, mbuzi wawili.)

Kufika huko hadithi ikageuka, ati Pegasus iko chini sana na cheti chetu ni cha mita 18, tuanze na "ya mazoezi". Ya mazoezi ikawa Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama 1902. Nimelipia meli ya vita nikaonyeshwa meli ya simu! Lakini hiyo nimesamehe. Sikizeni sasa.

Tuko chini, samaki wa mistari wanapita kwa mbavu za chuma, natazama zangu tu. Akaniuliza kwa mkono niko aje. Nikampa dole gumba kama mtu yeyote wa Kondele: niko fiti. Yeye akachomoa kile kibao chake cha kuandikia, akaandika polepoleee, akakigeuzia KILA MTU.

RUDI JUU OMENA.

Wakacheka. Hujawahi chekwa wewe mpaka uchekwe na watu wako na mitungi, hakuna sauti, ni mapovu tu yanapanda, mapovu ya watu sita, kuna mama wa Nakuru alicheka mpaka miwani yake ikaingia maji. Nikapandishwa juu nimeshikwa mkono kama mtoto wa nasari. Na hewa nilikuwa nayo, geji ya mtungi ilikuwa inasoma baa 120! Kufika kwa boti nikapata hajafuta, kibao kimeegemezwa kando ya mkate, OMENA inaniangalia nikinywa chai. Mimi, baba ya mtu yuko kidato cha pili. OMENA.

Nyani_wa_Nyalenda:
Pole sana mkubwa. Lakini dole gumba chini ya maji maana yake ni "nataka kupanda juu". Niko sawa ni kuunganisha kidole na gumba, duara. Umejitoa mwenyewe 😂😂

Mkavu_Kisumu:
Si hiyo ndiyo shida. Shida ni OMENA.

MamaYao_Kibuye:
Na angeandika mbuta, yule samaki mkubwa?

Mkavu_Kisumu:
Mbuta ningekubali.

Kiboko_Nakuru:
Yule mama ni mimi. Mbona husemi ulikuwa unapumua kama lori ya miwa ikipanda Londiani? Hiyo 120 umeota, geji yako niliiona na macho yangu, ilikuwa 60. Tunarudinga juu na 50. Na bado nacheka, leo nimecheka kanisani.

Skrepa_Moja:
Hiyo Pegasus yenyewe ilishauzwa chuma chakavu 1955, mngeshuka mkute makombo. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na wa Königsberg, maadui wawili wanaota jua kwa uwanja mmoja. Ungelipa kiingilio tu uone vyote na ubaki mkavu kama jina lako.

Mkavu_Kisumu:
Unaniambia leo? Mbuzi zimeenda!

Dunga_Jumapili:
Nyinyi mnalilia bahari. Mimi nimepanda boti hapa Dunga, ziwani, jaketi niliyopewa imefungwa na kamba ya mbuzi (labda ni ya mbuzi zako), kidogo magugu yakashika propela, tukakaa masaa matatu tukiangaliana na kiboko. Nahodha anatuambia tuimbe.

Kiboko_Nakuru:
Hapo sikuwepo.

Malaba_Foleni:
Masaa matatu ni nini? Niko nyuma ya malori hapa mpakani Malaba tangu juzi, tumeshaanza kujuana kwa majina ya watoto.

MamaYao_Kibuye:
Ngojeni, kwani mnanunua omena pesa ngapi huko? Leo nimeitishwa mia tatu gorogoro, kufika nyumbani nusu ni mchanga.

Dunga_Jumapili:
Wameanika chini. Tafuta ya nyavu, inang'aa na haikwaruzi meno.

Nyani_wa_Nyalenda:
Ya Homa Bay ndiyo safi.

Skrepa_Moja:
Ya Homa Bay na ya Mbita ni moja, wanawabadilishia gunia tu.

Mkavu_Kisumu:
Jamani turudi kwa mada.

Nyani_wa_Nyalenda:
Tuko kwa mada.

Malaba_Foleni:
Mama Yao, unakaanga ama unaweka maziwa?

MamaYao_Kibuye:
Maziwa, ile imelala. Lakini osha na maji moto kwanza, mara tatu, na utoe vichwa kama kuna wageni.