Naomba ushauri: upele wiki ya tatu ya lamotrijini ikiwa pamoja na valproeti

Wakuu, mgonjwa wa baipola (ugonjwa wa mhemko kupanda na kushuka kupita kiasi) anatumia valproeti, dawa ya kutuliza mhemko, miligramu 500 asubuhi na jioni. Akaongezewa lamotrijini, dawa nyingine ya kutuliza mhemko, miligramu 25 kila siku tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo nina shaka. Valproeti huchelewesha ini kuiondoa lamotrijini, ikakaa mwilini karibu mara mbili ya kawaida. Ndiyo maana huanzwa 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki 2. Kila siku huja baadaye.

Sasa ana vipele vyekundu bapa kifuani na mgongoni, vinawasha. Homa hana, midomo na macho ni safi, ngozi haiumi wala haichubuki, tezi za shingo hazijavimba. Lamotrijini imesimamishwa na daktari anamwona leo. Upele wa hivi hausubiriwi hata ukionekana mdogo.

Ninachouliza: zaidi ya picha kamili ya damu na vipimo vya ini na figo, mngeomba nini? Valproeti naona ibaki, maana kuikatisha ghafla ni kuyumbisha mhemko. Na upele ukiisha, kuna aliyewahi kuirudisha lamotrijini polepole kwa vidonge vya miligramu 5, au mngehamia lithiamu, dawa nyingine ya mhemko, moja kwa moja?