Nibaki T1 au nihamie T2, na mkataba wa sola unaingia wapi?

Mwenye karakana, Keko

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaendesha karakana ya samani hapa Keko yenye mafundi kumi na mmoja, na ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia hii kabla sijatia saini karatasi mbili zilizo mezani kwangu.

Tunatumia umeme wa fezi tatu kwa mita ya LUKU ya kulipia kabla, daraja la bei la T1, yaani la wateja wa kawaida wa TANESCO. Kwa miezi sita iliyopita wastani wetu ni uniti 7,800 kwa mwezi, kwa sababu mbali na randa, misumeno ya meza na kompresa ya kupulizia rangi, tuna chumba cha kukaushia mbao ambacho hita zake huwashwa asubuhi pamoja na mashine nyingine zote. Jirani mwenye kiwanda amenishauri niombe kuhamishiwa T2, daraja la watumiaji wakubwa zaidi, ambako uniti moja ni shilingi 195 badala ya 292 tunazolipa sasa kabla ya kodi na tozo. Kwa hesabu yangu, hiyo ni akiba ya shilingi 756,600 kila mwezi. Ninavutiwa, lakini nina shaka pia, kwani kama jambo lingekuwa jepesi kiasi hicho, wenye mashine wengi hapa Keko wangekwisha kuhama.

Karatasi ya pili ni ya kampuni inayotaka kufunga sola juu ya paa bila sisi kutoa mtaji. Tungelipa shilingi 240 kwa uniti, bei ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kwa miaka 12. Jengo ni la kupanga. Nianze na lipi?

Fundi umeme, Buguruni

Kaka, shaka yako ni ya haki. Hesabu uliyofanya imeacha nje sehemu kubwa ya ankara ya T2.

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, T1 hulipia uniti peke yake. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, zile 292 zinafika shilingi 356 na senti kidogo, na ndiyo maana elfu kumi ya LUKU inakupa uniti 28 hivi. T2 ina mambo matatu: shilingi 195 kwa uniti, ada ya huduma ya shilingi 14,233 kwa mwezi, na shilingi 15,004 kwa kila kVA, yaani kipimo cha jumla ya umeme unaouvuta kwa wakati mmoja, ya kilele chako cha mwezi. Kilele maana yake ni ule wakati mmoja ambapo karakana yako ilivuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote katika mwezi huo. Unaweza kufanya kazi kwa utulivu siku ishirini na tisa, kisha asubuhi moja ya haraka ikapanga bei ya mwezi mzima.

Kwa kuwa tozo na kodi zinapanda kwa uwiano uleule pande zote mbili, tulinganishe kabla ya kodi. Uniti 7,800 kwa T1 ni shilingi 2,277,600. Kwa T2, uniti na ada ya huduma vinafika 1,535,233. Tofauti ni 742,367, nayo ukiigawa kwa 15,004 unapata kVA 49 na nusu. Kilele chako kikizidi hapo, T2 inakugharimu zaidi, hata kama bei ya uniti inapendeza kuitazama.

Sasa tazama mashine zako. Tuseme asubuhi hita, randa, misumeno na kompresa kwa pamoja zinavuta kilowati 45. Mota zinazozunguka bila kubeba mzigo wa kutosha, kama randa inayosubiri ubao, hushusha sana pawa fakta, yaani uwiano wa kilowati zinazofanya kazi kwa kVA unazovuta. Ikiwa yako ni 0.7, kilowati 45 zinasomeka kwenye mita kama kVA 64, na ankara inakuwa shilingi 2,495,489, yaani umepoteza karibu shilingi 218,000 kwa mwezi kwa kuhamia kwenye bei nafuu. Ukifunga kapasita zilizopimwa vizuri na pawa fakta ikapanda hadi 0.95, kilowati zilezile zinakuwa kVA 47 na unaokoa kama 37,000, kiasi ambacho sidhani kinastahili usumbufu wote huo. Faida ya kweli inakuja ukihamishia ukaushaji wa mbao usiku. Kilowati zikishuka hadi 35, kVA zinakuwa 37, na akiba inafika shilingi 187,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo ninakusihi usiombe chochote kabla hujapimiwa. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kurekodi mzigo, akifunge kwenye ubao mkuu wa umeme kwa wiki mbili ambazo mna oda za kutosha, kisha mwombe akuonyeshe kVA na pawa fakta kwa saa. Tarakimu za mashine nilizoweka hapa ni za mfano tu. Zako ndizo zitakazoamua. Kumbuka pia kwamba T2 ni kwa wanaotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, na wewe uko ukingoni, hivyo miezi miwili ya oda chache inaweza kukutoa.

Mama Barafu, Kigamboni

Mwanangu, fundi amekueleza vizuri. Mimi ninatengeneza barafu kwa ajili ya wauza samaki, na T2 imenifaa tangu nilipoingia, lakini ni kwa sababu mitambo yangu haizimwi. Kila kVA ninayoilipia inafanya kazi mchana na usiku, na kwa mwezi inanipa zaidi ya uniti 500. Ukigawanya 15,004 kwa zile shilingi 97 za tofauti ya bei, utaona kwamba kVA moja inahitaji kutumika walau uniti 155 kwa mwezi ndipo ijilipe. Karakana inayofungwa saa kumi na moja jioni na kupumzika Jumapili huifikia namba hiyo kwa taabu.

Niongeze jambo moja ambalo lilinigharimu. Siku moja umeme ulikatika kwa saa nyingi, na uliporudi vijana wangu, kwa nia njema kabisa ya kuokoa barafu, waliwasha kompresa zote pamoja na pampu, wakaziacha zikimbie hivyo mchana kutwa. Kilele kikaruka. Nilidhani nitaumia mwezi huo tu, kumbe kiwango cha kVA kinacholipiwa hakishuki chini ya asilimia 75 ya kilele kikubwa cha miezi mitatu iliyotangulia, kwa hiyo kosa la siku moja liliendelea kunifuata. Tangu hapo karatasi yenye mpangilio wa kuwasha mashine imebandikwa kando ya swichi kuu, na msimamizi wa zamu ndiye mwenye ufunguo. Kama huna mtu utakayemwamini kwa jambo hilo, baki kwenye LUKU, ambayo angalau haikumbuki mambo ya mwezi uliopita.

Mhasibu, Ilala

Ndugu mwenye swali, mikataba hii miwili haipaswi kuamuliwa mmoja mmoja, kwa sababu uamuzi wa kwanza unabadilisha thamani ya ule wa pili. Ukiwa T1, kila uniti ya sola inakuondolea gharama ya shilingi 292, na kwa bei ya 240 unabaki na 52. Ukihamia T2, uniti hiyohiyo inakuondolea shilingi 195 tu, hivyo utakuwa unapoteza 45 kwa kila uniti ya jua kuanzia siku ya kwanza. Kilele nacho hakitashuka kwa uhakika, kwani asubuhi moja yenye wingu zito, katika masika ya hapa Dar es Salaam, inatosha kukirudisha kilipokuwa.

Hata ukibaki T1, hesabu lile ongezeko la asilimia 5. Mwaka wa tano bei inakaribia 292, na mwaka wa sita inafika shilingi 306, huku ukiwa bado na miaka saba mbele. Kampuni itakuambia kwamba bei ya gridi nayo itapanda. Inawezekana, lakini uombe basi kifungu kinachosema bei yao haitazidi kamwe bei ya T1 iliyoidhinishwa na EWURA. Soma pia kama unalazimika kulipia uniti usizotumia Jumapili na sikukuu, na nani anabeba gharama ya kushusha paneli paa likivuja.

Linalonihofisha zaidi ni pango. Mkataba wako na mwenye nyumba ni wa miaka mingapi? Mtu aliyepanga kwa miaka miwili au mitatu hawezi kuahidi paa kwa miaka 12 bila mwenye paa kutia saini.

Mwisho, ikiwa umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 unairudisha kwenye ritani, hivyo usiihesabu kama gharama.

Mwenye karakana, Keko

Ninawashukuru kwa moyo wote, na shikamoo, Mama. Pango langu ni la miaka mitatu, na limebaki moja na nusu, kwa hiyo karatasi ya sola nitairudisha kesho bila saini. Kuhusu T2, nimekubaliana na msimamizi wangu kwamba kuanzia Jumatatu hita za chumba cha mbao ziwashwe saa mbili usiku, baada ya mashine zote kuzimwa, na mlinzi wa usiku afundishwe kusoma kipimajoto. Nitabaki T1 wakati wa kupima. Fundi, ningependa ufike mwenyewe na kifaa hicho, ukikaribia mwisho wa mwezi, kwa kuwa hapo ndipo tunapokamilisha oda ya madawati na mashine zote hufanya kazi. Je, wiki mbili hizo zitatosha kuuona mzigo wa usiku pia?

Fundi umeme, Buguruni

Zitatosha, kaka. Kifaa kinarekodi usiku na mchana. Niandalie tu orodha ya mota zote pamoja na kilowati zilizoandikwa kwenye vibao vyake.