Shamba la kukodi, mifugo na samadi: tupeane uzoefu

Jembe Butu: Mnaolima kwa kukodi huku mnafuga, tumwage yaliyo moyoni. Samadi haitoi nguvu zake zote msimu inapowekwa. Kwa naitrojeni, mmea hupata kama robo tu mwaka wa kwanza, iliyobaki inatoka kidogo kidogo miaka inayofuata. Chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo nayo haina haraka. Sasa mwenye makubaliano ya msimu mmoja amwage tani nne kwa ekari ili avune atakayekuja baada yake? Ndiyo maana ardhi ya kukodi hukamuliwa mpaka inabaki mifupa. Watu wanasema wapangaji ni wavivu. Uongo, tatizo ni muda.

MamaNdama: Hapo umepiga penyewe.

Kisiki cha Mvule: Mtazameni na mwenye ardhi basi. Mpangaji anataka kupanda lukina, mti wa malisho, kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko, apate majani ya mifugo. Mti huo unahitaji karibu mwaka mzima kabla ya kukatwa mara ya kwanza, halafu unakaa miaka. Mwenye shamba akiona miti anaona mtu anajimilikisha, anakataa, na udongo unaendelea kuteremka na mvua. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye mkataba: miti ni ya mwenye ardhi, majani ni ya mpangaji hadi siku ya mwisho. Muda usipungue miaka mitano, na muandike atalipwaje kwa samadi na chokaa ambavyo havijaisha ardhini akiondolewa mapema.

Zizi Tupu: Mkataba mzuri, ila mnamwongelea ng'ombe kama kiwanda cha mbolea. Ng'ombe haumbi fosforasi, kirutubisho cha mimea, anaihamisha tu. Akila nje na kulala zizini, malisho yanafukarika na shamba linanenepa. Malisho ni ya nani? Mara nyingi si ya mwenye samadi. Halafu pigeni hesabu: ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 10 hadi 12 za majani makavu kwa siku na kutoa kinyesi kibichi kilo 20 hadi 25. Anayelala tu zizini, nusu inabaki njiani na machungani. Kwa mwaka unakusanya tani nne na kidogo, mbichi. Ikioza inapungua kama nusu. Huyo hatoshelezi hata ekari moja.

MamaNdama: Hesabu ya nani hiyo? Afungiwe bandani aletewe majani, unakusanya chote. Na umesahau mkojo, ndiko iliko nusu ya naitrojeni au zaidi. Sakafu iwe na mteremko kuelekea kishimo, chini utandike mabua yaliyokatwakatwa, lundo ulifunike. Lundo la wazi likinyeshewa, mkojo wote unaenda mtaroni.

Zizi Tupu: Na majani ya kumletea yanatoka wapi kama huna ardhi? Unayakata kwa jirani. Tumerudi palepale.

MamaNdama: Basi usifuge!

Samadi Mbichi: Acheni kuzozana, kuna balaa kubwa kuliko hilo, na linatokana hasa na kutojua malisho yalikotoka. Zipo dawa za magugu za kupuliza kwenye nyasi, kama aminopiralidi na klopiralidi. Haziui nyasi wala hazimdhuru ng'ombe. Zinapita tumboni, zinatoka na kinyesi na mkojo, na ndani ya lundo lililoshindiliwa bila hewa zinakaa muda mrefu. Mtu ananunua nyasi kavu au samadi, anamwaga bustanini, anapandikiza nyanya. Majani machanga yanajikunja kama kikombe, ncha zinakuwa nyembamba kama nyuzi, shina linapinda. Anadhani ni virusi, anang'oa, anapanda tena, yale yale. Maharage, njegere na viazi vinaumia pia. Mahindi yanasimama kama hakuna kilichotokea.

Jembe Butu: Yaani unaweza kuua bustani kwa samadi safi kabisa, iliyoiva?

Samadi Mbichi: Ndiyo. Joto la lundo linaua mbegu za magugu, ila dawa hizi halina uhakika wa kuziondoa. Pima kwanza: makopo matatu yenye samadi iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, matatu yenye udongo mtupu. Panda maharage, subiri wiki tatu hadi nne, tazama majani.

Kisiki cha Mvule: Na mwenye lundo lenye sumu alichome?

Zizi Tupu: Alimpe MamaNdama.

Samadi Mbichi: Asichome, wala asimpe mtu. Airudishe kwenye nyasi zilezile au kwenye mahindi. Kama tayari iko bustanini, aendelee kuuchimbua udongo upate hewa na unyevu. Vijidudu ndivyo vinavyoivunja dawa hiyo, na huenda akapoteza zaidi ya msimu mmoja.

MamaNdama: Na kwenye mkataba iandikwe dawa gani zimepulizwa malishoni, lini. Tena mifugo isiingizwe kula mabua ardhi ikiwa imelowa, kwato zinashindilia udongo na maji hayazami.

Kisiki cha Mvule: Mabua usiyatoe hata kidogo, yaache yafunike ardhi.

MamaNdama: Halafu ng'ombe wale mkataba?

Jembe Butu: Kwenye makopo, naweza kutumia mahindi? Ndiyo mbegu iliyopo.

Samadi Mbichi: Mahindi yatakudanganya. Tafuta maharage.